Jeni ya MTHFR, foleti na mgongo wazi: tuisome karatasi ya majibu kwa utulivu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimefanya kazi katika maabara ya vinasaba kwa miaka kadhaa, na karatasi inayorudi mezani kwangu mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni ile yenye herufi tano, MTHFR. Anayeileta kwa kawaida ni mwanamke anayetaka kushika mimba, au aliyewahi kupoteza mimba, na anapofika kwangu swali lake huwa limekwisha kugeuka hukumu: ameambiwa ana jeni mbovu, kwa hiyo mtoto wake atazaliwa na mgongo wazi. Wiki iliyopita mmoja wao aliniwekea mezani karatasi hiyo pamoja na chupa ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni foleti "iliyokwisha kuamilishwa". Mstari uliomkosesha usingizi ulisomeka hivi: "677 C>T: TT". Nimeona ni afadhali niandike mara moja, kwa urefu, mstari huo unasema nini na hausemi nini, kuliko kuendelea kumweleza kila mmoja kivyake akiwa amesimama mlangoni.

Nitaanza na mgongo kabla ya jeni, kwa sababu wengi huanza na jeni na hapo ndipo wanapopotea. Katika wiki ya tatu baada ya yai kurutubishwa, kiinitete ni kibamba chembamba cha seli, na upande wake wa mgongo una utepe ambao kingo zake huanza kuinuka na kujikunja hadi zikutane na kushikana, ndipo utepe uwe mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kushikana huanza karibu na mahali pa shingo, kisha huendelea kuelekea kichwani na kuelekea mkiani; tundu la upande wa kichwa huziba siku ya 25 hivi, na la upande wa chini siku ya 27 au 28. Upande wa juu usipofunga, mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, na hali hiyo hana namna ya kuishi nayo. Upande wa chini usipofunga, ndipo tunapata mgongo wazi, ambao mtoto anaweza kuishi nao, mara nyingi akiwa na udhaifu wa miguu, shida ya kuzuia mkojo na choo, na maji yanayojaa kichwani.

Sasa hesabuni siku pamoja nami. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 hugundua kwamba hedhi imechelewa takriban siku ya 14 baada ya kutungwa kwa mimba. Akipima siku hiyohiyo, zimebaki wiki mbili tu mrija ufungwe. Akisubiri hadi hedhi ya pili ipite ndipo aende kliniki, mrija umekwisha kufungwa au umekwisha kushindwa kufungwa, na kidonge atakachopewa siku hiyo, ingawa kina faida nyingine, hakiwezi kurudisha siku ya 28.

Foleti inahusikaje? Ni vitamini ya kundi B, ile ya 9, na kazi yake kubwa ni kubeba vipande vidogo vyenye kaboni moja na kuvikabidhi mahali vinapohitajika. Vipande vingine hutumika kutengeneza herufi za DNA, na kiinitete kinachofunga mrija kinazihitaji mno kwa kuwa seli zake zinagawanyika kwa kasi kubwa. Vingine hutumika kuigeuza homosisteini, kemikali ya mwilini, kuwa methionini, mojawapo ya matofali ya protini, ambayo baadaye hutoa vikundi vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA na protini ili jeni fulani ziwake na nyingine zizime. Kimeng'enya cha MTHFR, yaani protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia mwilini, kimesimama kwenye njia panda kati ya kazi hizi mbili. Kinaichukua foleti ambayo ingeweza kwenda kutengeneza DNA na kuigeuza iwe foleti ya methili, na ndani ya seli hatua hiyo hairudi nyuma: foleti ikishapita hapo, haina njia ya kutoka isipokuwa kuikabidhi homosisteini methili yake, kwa msaada wa vitamini B12.

Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho iko kwenye kromosomu ya 1. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Katika nafasi ya 677 watu wengi wana herufi C, na wengine wana T. Tofauti hiyo huifanya protini iwe na valini mahali pa alanini, yaani tofali moja la protini mahali pa jingine, katika nafasi ya 222. Kabla ya herufi yenyewe kujulikana, kimeng'enya hiki kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa tabia yake. Maabara ilikuwa ikiyapasha moto majimaji ya seli hadi nyuzi 46 za selsiasi kwa dakika tano, kisha inapima ni kiasi gani cha nguvu ya kimeng'enya kimebaki; za watu wengine zilibaki imara na za wengine zilianguka, ndiyo maana toleo hili likaitwa lisilostahimili joto. Mwaka 1995 kundi la Rima Rozen jijini Montreal lilionyesha kwamba chanzo ni herufi hiyo moja. Baadaye ikafahamika kwamba tatizo hasa ni la kushikilia: kimeng'enya cha toleo T hupoteza kwa urahisi kiambata chake, yaani molekuli kinayoishikilia ili kifanye kazi, ambacho hutengenezwa kutokana na riboflavini, yaani vitamini B2, na kikikipoteza hulegea na kuachana vipande. Foleti ikiwa ya kutosha, hukisaidia kubaki imara. Naomba muikumbuke sentensi hii ya mwisho, kwa sababu nitairudia.

Mwenye CC ana C katika nakala zote mbili, mwenye CT ana moja ya kila aina, na mwenye TT ana T zote mbili. Mwenye CT hubaki na nguvu ya kimeng'enya ya takriban asilimia 65, na mwenye TT takriban asilimia 30, kwa vipimo vya maabara. Tarakimu hiyo ya 30 ndiyo inayosambazwa mitandaoni kwa vishindo, kana kwamba mwili mzima unafanya kazi kwa asilimia 30. Lakini wenye TT na wenye CC wakila foleti kiasi kilekile, foleti katika damu ya wenye TT huwa pungufu kwa wastani wa takriban asilimia 16 tu.

Na hatari je? Mwaka huohuo wa 1995 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba TT ilionekana zaidi kwa watu wenye mgongo wazi na kwa wazazi wao, na tafiti nyingi zilizofuata zimeiweka hatari ya mama mwenye TT kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya mama mwenye CC. "Mara mbili" ni maneno yanayotisha mpaka uyaandike kwa idadi ya watoto. Tuchukue mahali ambapo mimba 1 katika kila 1,000 hupata kasoro hii. Ukiizidisha mara mbili unapata 2 katika 1,000, maana yake mimba 998 kati ya hizo hazina kasoro. Linganisha na mwanamke ambaye tayari amewahi kupata mimba yenye kasoro hiyo: kwake hatari ya kujirudia ni takriban 3 katika kila 100, awe na CC au TT. Historia yake ya uzazi inasema mengi kuliko karatasi yangu, na haihitaji maabara.

Naomba michango, na pale nilipokosea nisahihishwe.

Darubini

Asante kwa uzi huu, mkuu. Nina hoja moja ambayo sijaona umeigusa. Kuna maelezo yaliyoenea sana kwamba asidi ya foliki, ile foleti ya kwenye vidonge vya kawaida, ni kitu cha kiwandani, na kwamba mwenye TT hawezi kuibadilisha, kwa hiyo inamrundikia mwilini bila faida huku akidhani analindwa. Ndiyo maana watu wananunua foleti ya methili. Je, hoja hiyo haina mashiko ya kibiokemia?

Mleta uzi

Ndugu Darubini, ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iaminike. Ni kweli asidi ya foliki ni ya kutengenezwa, na ni kweli hatua ya kwanza ya kuibadilisha huenda polepole katika ini la binadamu. Lakini hatua hiyo hufanywa na kimeng'enya kingine kabisa, kiitwacho DHFR, si MTHFR. Ikishavuka hapo, inaingia katika mkondo uleule wa foleti, na foleti inayotengeneza herufi za DNA inachotwa kwenye mkondo huo *kabla* ya kufika kwa MTHFR. Kwa maneno mengine, kwa kazi ya kugawanya seli, mwenye TT aliyemeza asidi ya foliki hahitaji hata kupita kwenye kile kimeng'enya kinachosemwa kuwa kibovu. Foleti ya methili ndiyo inayolazimika kuzunguka: haitumiki kutengeneza DNA mpaka kwanza iachie methili yake kwa homosisteini, na hapo inategemea B12 iwepo.

Lakini biokemia ya kuchora mishale ubaoni inaweza kutetea karibu kila upande, kwa hiyo afadhali tuangalie kilichotokea kwa watu. Mwaka 1991 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro hii. Kati ya mimba 593 za waliopewa miligramu 4 za asidi ya foliki, 6 zilipata kasoro. Kati ya 602 za wasiopewa, zilikuwa 21. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa tofauti ilikwisha kuwa wazi. Mwaka uliofuata Andrew Czeizel na mwenzake nchini Hungaria walionyesha kwamba vidonge vya vitamini vyenye miligramu 0.8 za asidi ya foliki vinazuia hata kasoro ya mara ya kwanza.

Kisha kuna China, na hapa ningependa tutulie kidogo. Matokeo ya kampeni kubwa iliyofanyika huko yalichapishwa mwaka 1999. Kidonge kilikuwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki ya kawaida, peke yake. Kusini, ambako kasoro zilikuwa 1.0 kwa kila mimba 1,000 za wasiotumia, zilishuka hadi 0.6. Kaskazini zilikuwa 4.8, zikashuka hadi 1.0. Sasa weka pembeni yake takwimu nyingine: uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 7,000 wa maeneo mbalimbali ya dunia, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta TT kwa takriban asilimia 20 ya watoto wa kaskazini mwa China, ikiwa miongoni mwa viwango vya juu zaidi, nyuma ya Mexico yenye 32 na kusini mwa Italia yenye 26. Yaani mahali palipojaa TT ndipo kidonge cha kawaida kilipofanya kazi kubwa zaidi. Kama mwenye TT asingeweza kuitumia asidi ya foliki, matokeo ya kaskazini yasingekuwa hivyo.

Kuhusu foleti ya methili, inapandisha vizuri kiwango cha foleti katika damu, na sina ugomvi nayo. Ila hakuna jaribio la aina ile ya 1991 lililoonyesha kwamba inazuia mgongo wazi. Asidi ya foliki inalo.

Mkunga wa Zamu

Habari zenu. Naomba niongeze upande wa wodini, kwa sababu naona hatari ya watu kusoma uzi huu na kuondoka na dozi moja ya kila mtu.

Mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi mwisho wa wiki ya 12, ni kwa mwanamke asiye na historia yoyote. Aliyewahi kupata mtoto au mimba yenye kasoro hii, au anayetumia dawa za kifafa kama valproeti na kabamazepini, huandikiwa na daktari dozi kubwa, miligramu 4 au 5, na mwenye kisukari naye anatakiwa aongee na daktari wake mapema kuhusu dozi. Asijaribu kufikia kiwango hicho kwa kumeza vidonge kumi vya mchanganyiko wa vitamini, kwa sababu atakuwa anajizidishia vitamini A, ambayo ikizidi nayo hudhuru kiinitete. Na kwa yeyote anayetumia dawa ya kifafa, nasema kwa msisitizo: usiiache mwenyewe kwa hofu. Nenda kazungumze kabla ya mimba, dawa ibadilishwe kwa utaratibu ikibidi.

Jambo la pili ni B12. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuiondoa anemia ya mtu mwenye upungufu wa B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Kwa anayeishi bila kula nyama, samaki, maziwa wala mayai, hili si jambo la kubahatisha.

Baba Mtarajiwa

Wakuu, mimi na mke wangu tulipimwa sote na sote ni CT. Tangu majibu yatoke, maneno ya pembeni yote yanamlenga yeye, kana kwamba mimi sikupewa karatasi. Je, nakala yangu haina uzito? Na je, nipime mara ya pili?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nakala yako ina uzito. Kinachopimwa katika tafiti hizi ni mambo mawili tofauti: jeni za mama, ambazo zinaamua foleti inayomfikia mtoto ni kiasi gani, na jeni za kiinitete chenyewe, ambacho kinaitumia foleti hiyo ndani ya seli zake. Mtoto hawezi kuwa TT bila kupokea T moja kutoka kwako. Wazazi wote wawili wakiwa CT, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa TT, mbili kati ya nne ya kuwa CT, na moja kati ya nne ya kuwa CC. Anayetaka kumlaumu mama kwa TT ya mtoto basi agawanye lawama kwa mbili, ingawa kusema kweli hakuna cha kulaumu: CT ni hali ya kawaida kabisa, na katika jamii nyingi duniani wenye CT ni karibu nusu ya watu.

Kupima tena hakuna haja, jeni hazibadiliki. Na hata kama mngekuta TT kwa wote wawili, ushauri ungekuwa uleule.

Darubini

Nakubaliana na hoja ya China. Sikuwahi kuziweka takwimu hizo mbili pamoja. Naomba nami niongeze kwamba MTHFR si jeni pekee. Nafasi ya 1298 ya jeni hiyohiyo ina toleo jingine ambalo peke yake athari yake ni ndogo. Kuna MTHFD1, ambayo kwa akina mama wa Ireland ilihusishwa na kasoro hizi, kuna MTRR inayokihudumia kimeng'enya kinachotumia B12, na kuna jeni ya kibebaji kinachoiingiza foleti ndani ya seli. Nyingi kati ya hizi zilionekana muhimu katika utafiti mmoja na zikapotea katika utafiti uliofuata, jambo ambalo kwangu linaonyesha kwamba kila moja inasukuma kidogo sana.

Na kinyume chake pia kinafundisha. Katika watu wa Afrika kusini mwa Sahara TT ni adimu mno, lakini mgongo wazi upo, na katika baadhi ya maeneo upo kwa wingi. Kama jeni hii ingekuwa ndiyo sababu kuu, tungetarajia kasoro hizo ziwe adimu huko.

Mzazi wa Pili

Nasoma kwa uchungu kidogo. Nilikunywa vidonge vyangu miezi mitatu kabla ya mimba, sikuruka hata siku, na mwanangu wa pili alizaliwa na mgongo wazi. Sijapimwa jeni. Je, nipime ili nijue nilikosea wapi?

Mkunga wa Zamu

Pole sana, dada yangu. Hukukosea. Hata katika lile jaribio la 1991, wanawake sita waliokuwa kwenye kundi la asidi ya foliki walipata mimba yenye kasoro. Kuna mgongo wazi ambao foleti haiuzuii, kwa sababu chanzo chake ni kingine. Kipimo cha MTHFR hakiwezi kukwambia ni kipi. Unachostahili ni kuonana na daktari wa vinasaba atazame familia nzima na historia ya mimba zote, na ukitaka mtoto mwingine, uandikiwe ile dozi kubwa kabla.

Msomaji wa Usiku

Kama majibu hayabadilishi ushauri, kwa nini kipimo hiki kinafanywa? Na je, si afadhali kupima foleti yenyewe katika damu?

Mleta uzi

Swali la haki. Kinafaa katika utafiti, na daktari anaweza kukihitaji anapokuta homosisteini iko juu isivyo kawaida. Pia kuna ugonjwa adimu na mzito ambapo MTHFR karibu haifanyi kazi kabisa, na watoto huugua mapema. Huo husababishwa na mabadiliko mengine katika jeni hiyohiyo, na usichanganywe na TT. Lakini kama kipimo cha kawaida kwa waliopoteza mimba mara kwa mara au wanaochunguzwa kuganda kwa damu, chama cha wataalamu wa vinasaba wa tiba wa Marekani kilishauri tangu 2013 kwamba kisifanywe.

Kupima foleti ndani ya chembe nyekundu za damu kunaeleza zaidi. Chembe hizo huishi takriban siku 120 na hupewa foleti zinapotengenezwa, kwa hiyo zinaonyesha hali ya miezi iliyopita, si chakula cha jana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kiwango cha zaidi ya nanomoli 906 kwa lita kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, ila ni kipimo cha kutazamia jamii, si cha kumtabiria mwanamke mmoja mmoja. Kutokana na umri huo wa chembe utaelewa pia kwa nini kuanza vidonge siku ya kupima mimba ni kuchelewa: akiba haijai kwa wiki mbili. Nchi kadhaa zimelikabili tatizo hili la kuchelewa kwa kurutubisha unga kwa asidi ya foliki. Marekani imelazimisha tangu 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za nafaka, na kasoro zilipungua kwa takriban robo hadi theluthi, bila mtu yeyote kuulizwa kama ni CC au TT.

Na hapa narudi kwenye sentensi niliyowaomba muikumbuke. Foleti ya kutosha hukifanya kimeng'enya cha TT kishikilie kiambata chake. Mwenye TT anahitaji foleti kama kila mtu, na akikosa ndiye anayeumia zaidi.

Darubini

Mkuu, na yule mwanamke wa wiki iliyopita mliishia wapi?

Mleta uzi

Nilimuuliza kama amewahi kupata mimba yenye kasoro hiyo, kama ana kifafa, kama ana kisukari. Yote hapana. Nikamuuliza ameanza vidonge lini. Akasema bado, na chupa ile haikuwa imefunguliwa: alikuwa anasubiri majibu ya jeni ili ajue anywe foleti ya aina gani, na majibu yalichukua wiki sita. Njia ya uzazi wa mpango alikuwa ameiacha kabla hata ya kutoa damu ya kipimo.

Nilimrudisha kwa daktari wake asubuhi hiyohiyo. Alianza mikrogramu 400 za kawaida siku ile, na kipimo cha mimba, kwa bahati, kilikuwa hasi.